Waliotoweshewa jamaa wasiambiwe wangoje hadi Mahakama ya Juu

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaoziambia familia za waliotoweshwa hapa Mombasa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haiwezi kuwasikiliza mpaka kesi ipite Mahakama Kuu, ya Rufaa na ya Juu. Ninawasaidia jamaa hao huku Likoni na Kisauni, na kauli hiyo imewavunja moyo kina mama wengi. Sheria haisemi hivyo.

Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inataka njia za kisheria za nchini zimalizwe kwanza, kama zipo, ila pale inapodhihirika kwamba zinachukua muda kupita kiasi. Mwaka 2000, katika kesi ya Dawda Jawara, rais wa Gambia aliyepinduliwa 1994, Tume ilieleza kwamba njia hiyo lazima ifikike bila kizuizi, iwe na tumaini la kufaulu, na iweze kumwondolea mtu dhuluma. Jawara alikuwa uhamishoni. Tume haikumtaka arudi kushtaki kule anakohofia roho yake.

Sasa mtazameni mama ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na watu wasiovaa sare. Wakili anaiomba Mahakama Kuu kijana aletwe, awe hai au maiti. Polisi wanajibu hawamjui. Kesi inaahirishwa, kisha inaahirishwa tena. Atakata rufaa gani juu ya mtu ambaye serikali inakana kumshika?

Sisemi mahakama zetu zirukwe. Tume haipokei madai matupu kwamba majaji hawafai. Inataka ushahidi kwamba ulijaribu, au kwa nini haikuwezekana. Basi, jamani, chukueni nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Wakikataa kuandika kituoni, andikeni wenyewe siku, saa na aliyewakatalia. Wekeni nakala ya ombi la mahakamani na kila tarehe ya kuahirishwa. Kupeleka malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ni vizuri, lakini hiyo si mahakama, msikae kungoja majibu yake.

Na msichelewe. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haidai kabisa umalize njia za ndani, ila inatoa miezi miwili tu ya kufungua kesi. Kesi ya waliodaiwa kuteswa na vikosi vya usalama Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya, ilitupwa huko mwaka 2012 katika rufaa, kwa sababu muda ulikuwa umepita.

Kwa serikali nina dai moja. Kenya iliridhia itifaki ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lakini haijatoa tamko la kuruhusu raia kuifikia moja kwa moja. Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, walilazimika kupitia kwa Tume, yenye makao Banjul, ndipo wakapata hukumu mwaka 2017. Mahakama yenyewe iko Arusha, safari ya basi kutoka hapa. Wabunge wa Pwani waulize bungeni tamko hilo litatolewa lini, na wasikubali jibu lisilo na tarehe.

Msaidizi wa kisheria,
Likoni, Mombasa