Karata za taroti na herufi za Kiebrania: wabunifu wa stori hiyo ni Wafaransa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu ile makala yenu ya karata za taroti, hizi ambazo watu wanazitumia kupigia ramli, ile iliyosema eti picha zake zimetokana na alfabeti ya Kiebrania, na ushahidi mkubwa uliotolewa ni kwamba karata kubwa, zile za picha zenye majina kama Papa na Kifo, ziko 22 na herufi za Kiebrania nazo ni 22. Sasa jamani kwa hesabu hiyo hata mpira wa miguu ni wa Wayahudi maana uwanjani wanaingia wachezaji 22.

Karata hizi zilianzia Italia ya kaskazini, kule Milano na Ferrara, miaka ya 1440, na zilikuwa za kuchezea tu, watu wa majumba ya watawala wanakaa mezani wanacheza mpaka usiku, na Wafaransa mpaka leo wanaucheza huo mchezo bila kumtabiria mtu chochote. Zile za zamani kabisa hazina namba wala herufi ya Kiebrania hata moja, alafu mpangilio wake ulikuwa unatofautiana mji na mji, Bologna hivi Ferrara vile, Florence ndo wakaja na seti yao ya karata 97. Kama kila karata ina herufi yake, tufuate mpangilio wa mji upi? Na picha zenyewe angalieni, kuna Papa, kuna Shetani, kuna malaika anapiga tarumbeta wafu wanatoka makaburini, hayo ni mambo ya Wakristo wa Italia, huhitaji Kiebrania kuyaelewa.

Stori ya Kiebrania imekuja baadaye sana, 1781, Paris. Antoine Court de Gébelin alitoa kitabu akidai taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale, na ndani ya juzuu hilohilo Comte de Mellet akazifungamanisha na herufi za Kiebrania. Kumbuka wakati huo hakuna aliyekuwa anajua kusoma maandishi ya Misri, Champollion kayafumbua 1822, kwahiyo hapo mtu alikuwa anajisemea tu. Miaka ya 1850 akaja Mfaransa mwingine wa mambo ya uchawi, Éliphas Lévi, akalikaza, akasema yule Mwanamazingaombwe wa karata ya kwanza, mkono mmoja juu mmoja chini, mwili wake ndo umbo la Alefu, herufi ya kwanza ya Kiebrania.

Utamu unaanzia London 1888, kundi la siri la mambo ya uchawi liitwalo Golden Dawn wakasema hapana, Alefu ni Mpumbavu, ile karata isiyokuwa na namba. Basi karibu zote zikasogea! Herufi Mem kwa Lévi ni Kifo, kwa hawa wa London ni yule jamaa aliyening'inizwa mguu mmoja kichwa chini. Na bado hazikukaa, maana karata ya Haki ina mwanamke kashika mizani ilikuwa ya 8, na ya Nguvu yenye mwanamke na simba ilikuwa ya 11, na hawa herufi walizifunga pia na zile nyota 12 za unajimu, ambako Simba anatangulia Mizani, wakafanyaje, wakazibadilishana namba, Nguvu ikawa ya 8 na Haki ya 11. Yaani mnahamisha karata ili nadharia ikae, alafu mnasema nadharia imethibitika na karata.

Mtu wa pwani mwenye kujua hesabu za abjadi, alifu moja, be mbili, jimu tatu, hawezi kushangaa herufi kubeba namba, na mimi silikatai hilo, Waebrania wana hesabu yao kama hiyo na ni ya zamani kweli. Ninachokataa ni kuibandika kwenye mchezo wa Wataliano na kusema ilikuwepo tangu mwanzo.

Haya, mtasema mbona kwenye picha mliyoweka, Gurudumu la Bahati, herufi za Kiebrania zinaonekana kabisa? Ni kweli zipo, nne zimezunguka gurudumu. Lakini hiyo ni seti iliyotoka London 1909, mchoraji Pamela Colman Smith, aliyemwelekeza ni Waite, na wote wawili walipitia Golden Dawn, kwahiyo herufi ziliwekwa makusudi na watu waliokwisha kuamini hiyo stori. Gurudumu la Milano la miaka ya 1450 hivi lina watu wanne, mmoja anapanda, mmoja kakaa juu, mmoja anashuka na mzee yuko chini kabisa, na maneno yaliyoandikwa pale ni ya Kilatini: nitatawala, natawala, nilitawala, sina utawala.

Ombi langu kwenu, toleo lijalo rekebisheni yale maelezo ya chini ya picha yanayosema "karata ya kale", wekeni 1909 na jina la mchoraji, na mkipata nafasi wekeni na hilo gurudumu la Milano pembeni yake wasomaji wajionee.

Msomaji wenu wa siku nyingi, Tanga