Barua kwa Rafiki: Usikubali Kuambiwa ni Bawasiri Kabla ya Kupimwa

Rafiki yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako, nami nimeona umeiandika kwa haya, kana kwamba unaniomba radhi kwa kunitajia habari za choo. Tafadhali usione haya, kwa kuwa haya hiyo ndiyo inayowafikisha wengi hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Umeuliza kama mabadiliko haya ya choo chako kwa wiki sita, pamoja na damu unayoiona, yanastahili kukutia hofu ya saratani ya utumbo mpana. Mimi si daktari, wala hakuna awezaye kukupima kwa barua, ila nitakueleza ninayoyafahamu, ujue lipi la kungoja na lipi lisilongojeka.

Hakuna idadi ya kwenda haja iliyo sahihi kwa watu wote. Anayekwenda mara tatu kwa siku na anayekwenda mara tatu kwa wiki wanaweza kuwa wazima wote wawili, mradi hiyo ndiyo desturi ya miili yao na choo kinatoka bila taabu. Jilinganishe basi na hali yako mwenyewe ya mwaka jana. Tena, choo kubadilika kwa siku chache ni jambo la kawaida kwa kila binadamu: chakula kigeni, safari, wasiwasi, hata homa ndogo ya tumbo vyaweza kukibadilisha, kisha kikarudi kama kilivyokuwa. Dawa nazo zina mkono wake. Antibiotiki huharisha, metformini ya wagonjwa wa kisukari hulainisha choo, kodeini hukifunga, na vidonge vya madini ya chuma hukifunga na kukitia weusi. Hukunieleza kama umeanza kutumia dawa yoyote mpya. Kama umeanza, mtajie daktari jina lake.

Kinachonifanya nisikuambie ungoje ni kwamba hali yako imepita wiki tatu, haina sababu inayoonekana, na inaambatana na damu. Umesema muuza dawa alikupa marhamu ya bawasiri bila kukukagua. Huenda amepatia, kwa maana bawasiri ndiyo chanzo cha kawaida zaidi cha damu nyekundu inayobaki kwenye karatasi au kudondoka chooni baada ya haja ngumu, na mchaniko wa njia ya haja kubwa huleta damu kama hiyo pamoja na maumivu makali. Damu iliyochanganyika na choo chenyewe, iliyoiva rangi, au inayokuja na ute, hutia shaka zaidi. Hata hivyo, usijiamulie kwa macho, kwa sababu uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa nao hutoa damu nyekundu kabisa, na mtu mmoja anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu, neno bawasiri halipaswi kutamkwa kabla ya mtu kukaguliwa.

Kuna dalili moja uliyoipitia haraka katika barua yako, nami nimeirudia kuisoma: kwamba ukitoka chooni unahisi hujamaliza, unarudi, na hakitoki kitu ila ute kidogo. Ikiwa hisia hiyo inakujia kila siku, mweleze daktari vivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Mweleze pia kama choo kimekuwa chembamba kuliko zamani, kama tumbo linakuamsha usiku, na kama unapungua uzito bila kukusudia.

Tena kuna uchovu. Upande wa kulia wa utumbo mpana ni mpana na choo kikiwa huko bado ni majimaji, hivyo uvimbe huweza kukua bila kuziba njia wala kubadilisha choo, huku ukivuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Dalili ya kwanza huwa ni upungufu wa damu: mtu anahema akipanda ngazi na moyo unamwenda mbio. Upande wa kushoto njia ni nyembamba na choo kimekwisha kuwa kigumu, ndiyo maana huko mtu hufunga choo, au hufunga na kuharisha kwa zamu. Mwanamume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, akiambiwa ana upungufu wa madini ya chuma, asiridhike na vidonge tu. Utumbo wake uchunguzwe.

Usijifariji kwa umri pia. Ni kweli kwamba wengi wa wagonjwa wana zaidi ya miaka 50, lakini idadi ya vijana imekuwa ikipanda katika nchi kadhaa, na mwaka 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kwa wasio na dalili kutoka miaka 50 hadi 45. Mwigizaji Chadwick Boseman alifariki kwa saratani hii mwaka 2020 akiwa na miaka 43, umri wako wewe. Nawe una la ziada, kwani marehemu baba yako aligunduliwa nayo akiwa na miaka 48. Aliye na mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua hushauriwa kuanza kuchunguzwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Kwa hesabu hiyo ulistahili kuanza ukiwa na miaka 38, hata kabla ya dalili yoyote.

Nayasema haya bila kukukatia tamaa. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama vidogo kwenye ukuta wa ndani, viitwavyo polipu, ambavyo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi, kabla ya kugeuka, na vingi havigeuki kamwe. Katika kolonoskopia, yaani uchunguzi wa mrija mwembamba wenye kamera, daktari huweza kukikata kinyama papo hapo. Walio wengi hupewa dawa ya usingizi. Sehemu inayokera ni maandalizi ya siku iliyotangulia: utakunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kadhaa wakati mwingine, na kwenda chooni mpaka yatoke maji ya manjano yasiyo na chembe. Usizembee hapo, kwa sababu utumbo mchafu huficha vinyama na huenda ukalazimika kurudia. Huenda kwanza ukakaguliwa kwa kidole chenye glavu, ukapimwa damu, na kutakiwa kupeleka kinyesi kitafutwe damu isiyoonekana. Hicho cha mwisho kikikosa damu huku dalili zako zikiendelea, uliza hatua inayofuata ni ipi.

Miadi uiombe wiki hii. Lakini tumbo likivimba, ukatapika na kushindwa kutoa hata upepo, au damu ikitoka nyingi ukaona kizunguzungu, au choo kikawa cheusi kama lami na chenye kunata bila ya wewe kutumia vidonge vya chuma, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukifika kwa daktari, anza na habari ya baba yako, ndipo ueleze damu.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote