Kitufe cha "Lipa kwa M-Pesa" kikikatika, angalia fonti za akiba

Kwenye kompyuta ya ofisini tovuti inapendeza. Mteja akiifungua kwa simu yenye mtandao wa kusuasua, kitufe cha "Lipa kwa M-Pesa" kinakatika mistari miwili, kisha sekunde chache baadaye kinajirudi na bei inaruka juu. Kitufe hakina kosa. Tazama mstari wa font-family kwenye CSS (msimbo unaopanga mwonekano wa tovuti), hasa majina yanayofuata lile la kwanza: hizo ndizo fonti za akiba.

Kivinjari husoma orodha hiyo kuanzia kushoto. Fonti ya kwanza isipokuwepo, au ikiwa bado inapakuliwa na umeweka font-display: swap (agizo la kutoisubiri), maandishi huchorwa kwa inayofuata. Ndiyo maana sisi tunapanga akiba kwa upana wa herufi kabla ya kufikiria uzuri. Verdana ni pana kuliko Arial hata zote zikiwa pikseli 16, na upana huo ndio unaokata kitufe. Tovuti nyingi za biashara zinatoshwa na mstari huu:

font-family: Inter, Roboto, "Segoe UI", Arial, sans-serif;

Inter ndiyo fonti inayopakuliwa kutoka mtandaoni. Roboto imo kwenye simu za Android, Segoe UI kwenye Windows, Arial kwenye Windows, Mac na iPhone. Jina lenye nafasi katikati lifunge kwa alama za nukuu, lakini sans-serif, ambayo ni jina la aina ya fonti na si fonti moja, usiifunge kamwe: kivinjari kitatafuta fonti yenye jina hilo, kitaikosa, na kwenye Windows kwa kawaida kitaishia Times New Roman. Duka la viatu linageuka hati ya kiapo. Mkato nao ukisahaulika baada ya Inter, kinatafutwa kitu kiitwacho "Inter Roboto", ambacho hakipo popote.

Inter ni pana kuliko Arial, kwa hiyo hata orodha nzuri huacha mruko mdogo. Unaupunguza kwa kuikuza Arial kwa size-adjust:

@font-face { font-family: "Akiba Inter"; src: local("Arial"); size-adjust: 107%; }

Kisha weka "Akiba Inter" mara tu baada ya Inter. Android haina Arial, hivyo kwa simu hizo kanuni hii inarukwa na Roboto inashika zamu.

Kuna tatizo jingine ambalo wateja wetu wa Kenya hulikuta kwenye majina. Kivinjari hukagua herufi moja moja. Ukipakua kutoka Google Fonts faili la "latin" peke yake na kuliweka kwenye seva yako, ĩ na ũ hazimo. Ziko kwenye "latin-ext". Mũthoni ataandikwa kwa Inter, isipokuwa ile ũ, ambayo itachorwa kwa fonti ya akiba, nene au nyembamba kuliko jirani zake. Pakia mafaili yote mawili, kila moja na unicode-range yake (orodha ya herufi zinazohudumiwa na faili hilo), ili asiyehitaji la pili asilipakue.

Kuhakikisha, fungua ukurasa kwenye Chrome ya kompyuta, bofya kulia juu ya jina, chagua Inspect, nenda Computed na ushuke hadi chini kabisa. Utaona kila fonti iliyotumika na idadi ya herufi ilizochora. Ikisomeka Inter herufi 6 na nyingine herufi 1, hiyo moja ndiyo ũ.