Utafiti wa sayansi kimu usiachiwe mfuko wa mwalimu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee walimu wa sayansi kimu, yaani elimu ya chakula na maisha ya nyumbani, wa vyuo vikuu vyetu, ambao wakitaka kufanya utafiti hulazimika kununua hata mizani kwa mshahara wao wenyewe, pale mshahara unapofika.

Wapo wanaodhani somo hili ni kushona na kupika tu. Waje hapa Bukavu, soko la Kadutu, wamwone mama anavyonusa unga wa muhogo na kuuonja kwa ncha ya ulimi kabla ya kulipa. Uchungu anaoukwepa ni dalili ya sumu ya sianidi ambayo, muhogo usipolowekwa siku za kutosha, huweza kuleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na usiopona. Watafiti wameonyesha kwamba unga ukiloweshwa maji na kutandazwa tabaka nyembamba juani kwa saa 2, sehemu kubwa ya sumu hiyo hupotea hewani, na akina mama wa jimbo la Kwango, magharibi mwa Kongo yetu, wameitumia njia hiyo. Je, itafaa kwetu wakati wa mvua, jua likiwa haba? Swali hilo hujibiwa jikoni kwa mtu.

Ninaomba basi kila kitivo chenye idara hiyo kiandike katika bajeti yake ya mwaka fungu la mizani, vipimo vya sumu na nauli ya kwenda Walungu na Kabare, maeneo ya jirani na Bukavu, na kiwapunguzie watafiti saa za kufundisha. Gharama, nadhani, haitazidi ya semina moja ya hotelini.

Msomaji wenu,
Bukavu