Gemu za zamani ulikuwa unaweka tu unacheza

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee hizi gemu, maana madogo wa siku hizi wanatuambia sisi wa PS2, ile mashine ya gemu ya PlayStation 2, tumepitwa na wakati. Mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu, unatoa hela yako unapewa pedi, mko wawili benchi moja mnapiga gemu la mpira la Winning Eleven na nyuma kuna watu sita wanasubiri zamu na kila mmoja ni kocha, na ile memori kadi ya MB 8 ilikuwa inatosha kusevu ligi yako. Super Mario Bros ya 1985 yote ilikuwa KB 40 tu, arobaini! Juzi nimenunua gemu jipya la mpira, naweka diski naambiwa nipakue kwanza GB kibao, bando la wiki likakata hata sijagusa mpira.

Picha za sasa ni kali hilo sikatai, jasho la mchezaji unaliona kabisa shingoni, ila ninayecheza naye mtandaoni simuoni hata sura. Watengenezaji watupe diski iliyokamilika, na ile ya kucheza wawili sebuleni wasiitoe jamani.

Mpenzi wa gemu,
Dar es Salaam