Barua ya malalamiko: sahani zilizoondolewa mezani Unguja, Jumapili 10 Agosti 2025

Lubumbashi, 25 Agosti 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa ajansi ya safari
Nakala kwa mhasibu na kwa mama wa mapokezi aliyeandika ratiba

Yahusu: safari ya Dar es Salaam na Unguja, 6 mpaka 13 Agosti 2025, watu 16, dola 18,400 zilizolipwa zote kabla ya kuondoka

Bwana Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima, na tunaomba heshima hiyo itufikishe mpaka mwisho wa barua hii.

Mkataba mnao, ratiba mliiandika wenyewe, na masharti yenu mnayajua kuliko sisi. Kwa hiyo tunaingia moja kwa moja kwenye Jumapili ya tarehe 10, saa kumi na moja jioni, ndani ya mgahawa mliotuchagulia ninyi. (Saa zote humu ni za Kiswahili na ni za Unguja, ambako wako mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Mtaona chini kwa nini tunalisema hili.) Watu 16 walikuwa wamekaa, wamekwisha kunawa. Chakula kilikuwa mezani: wali wa nazi, pweza wa nazi, changu wa kuchoma, kachumbari. Mhudumu akaja na meneja wake, wakaanza kuondoa sahani zikiwa zimejaa. Nkambo wetu, yaani bibi yetu, wa miaka 74 alikuwa ameshika kijiko, wali haujafika mdomoni, na sahani ikavutwa mbele yake. Meneja alieleza kwamba avansi, yaani malipo ya mbele, ya ajansi yenu haikufika, na kwamba hawawapi chakula wateja wenu kwa ahadi tena. Hilo neno "tena" tulilisikia vizuri.

Tulifikaje mgahawani saa kumi na moja bila chakula cha mchana? Hapo ndipo kosa lenu lilipoanzia. Kwenye ratiba mliandika: "9h00, mashua kwenda fungu la Nakupenda, chakula cha mchana juu ya mchanga." Hiyo ni saa tatu asubuhi. Mama wa mapokezi akamtumia nahodha ujumbe: "Watu 16, saa tisa." Kwa mtu wa Unguja, saa tisa ya mchana ni 15h00. Nahodha alifika saa tisa kamili, hakuchelewa hata dakika moja, akatuonyesha ujumbe wenu kwenye simu yake. Picha ya ujumbe huo tumeiambatanisha. Sisi tulikuwa pwani tangu saa tatu asubuhi. Saa sita nzima za jua, na kiongozi wenu wa msafara akirudia "subirini kidogo".

Labda mtasema ni saa tu, mtu huchelewa. Bwana Mkurugenzi, Nakupenda ni mchanga mtupu katikati ya bahari. Hutokea maji yakipwa, huzama yakijaa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko huchukua zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 9 Agosti. Siku hizo ni za bamvua: maji hupwa sana na hujaa sana, na pale Unguja tofauti ya kina hukaribia mita 4. Wakati wa bamvua, maji ya mjini Unguja hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwenye kuijua kazi huondoa mashua saa tatu, anafika maji yakiendelea kupwa, anawasha mkaa, watu wanaogelea na kula, na kabla ya saa saba kila kitu kimerudi mashuani. Sisi tulifika karibu saa tisa na nusu, maji yakipanda. Nahodha alitunyooshea kidole: "Fungu liko hapo chini." Tukatazama maji. Na kwa kuwa Agosti ni msimu wa kusi, upepo mkali wa kusini, upepo wa alasiri ulikwisha kuchafua bahari, kwa hiyo hata kuogelea hakukuwezekana. Wawili walitapika.

La kuchekesha, kama mngetupeleka wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, saa tisa yenu ingekaribia kufaa, maana siku hizo maji hupwa alasiri, ingawa fungu lingekuwa dogo. Kalenda yoyote yenye alama za mwezi ingewaambia hayo. Ajansi inayouza bahari haikosi kalenda ya mwezi.

Chakula je? Nahodha aliajiriwa kubeba watu tu. Hakuna aliyemwambia habari ya mkaa, samaki wala mpishi. Mstari wa mkataba wenu unasema "Nakupenda pamoja na chakula, dola 55 kwa mtu". Watu 16 ni dola 880. Ili sahani zirudi mezani, tulilipa mgahawa dola 27 kwa kila mtu kutoka mifukoni mwetu, yaani dola 432, na risiti tunayo. Tunadai dola 1,312 ndani ya siku 15.

Tungeishia hapo kama Jumapili ile ingekuwa peke yake.

Alhamisi, Dar es Salaam, mlitupeleka soko la samaki la Feri, Kivukoni, saa tano za mchana. Soko lile ni la alfajiri. Mnada huanza mashua zinapoingia na usiku wa uvuvi, na anayetaka kuona jodari na kolekole wakipigiwa bei awe pale saa kumi na mbili na nusu. Ananunua samaki wake, anampa mwenye kuparua, kisha anampelekea mkaangaji palepale sokoni, anakula wa moto. Saa tano kilichobaki ni jua, magamba na nzi. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, tulipewa dakika 25. Nyumba iliyoanza kazi mwaka 1940, yenye habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, inaonwa kwa dakika 25? Kijiji cha Makumbusho tulikuta ngoma zimekwisha.

Ijumaa ilikuwa tarehe 8 Agosti. Nane Nane, sikukuu ya wakulima Tanzania, kila mtu yuko njiani. Tiketi za boti hazikuwa zimenunuliwa. Kiongozi wenu alizitafuta asubuhi ileile bandarini, tukagawanywa boti mbili, wazee kwenye moja na mabegi yao kwenye nyingine. Na hakuna aliyewaonya wazee kwamba kwenye bahari ya kusi mtu hukaa chini, katikati au nyuma, kwa sababu mbele ndiko boti inakorushwa, na kwamba kidonge cha kuzuia kutapika humezwa kabla ya kupanda, si baada. Mlituandikia pia matembezi ya maduka ya Darajani saa sita na nusu mchana. Ijumaa! Kwenye mji wa Waislamu! Maduka yalikuwa yamefungwa kwa sala.

Usiku huo, Forodhani, bustani ya pwani wanapouza vyakula usiku. Hapo mlituahidi "meza ya samaki aliyechaguliwa". Mishikaki ile inajulikana: iliyopangwa tangu alasiri hupashwa moto tena na tena, na mwenye macho huomba ile mibichi ichomwe mbele yake, huuliza bei kabla hajaonja, na akiona kamba mwenye weusi kichwani na harufu kali, anapita. Pweza tuliopewa walikuwa kama mpira wa baiskeli. Pweza lazima apondwe au achemshwe mpaka alainike kabla hajaguswa na mkaa. Pale wapo wanaofanya hivyo, lakini kiongozi wenu alitupeleka kwa rafiki yake. Kilichotuokoa ni urojo wa mzee mmoja wa pembeni: mchuzi wa ukwaju na embe, viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo juu, chatini ya nazi. Mzee huyo hayumo kwenye ratiba yenu. Mwekeni.

Ratiba yenu pia inasema "kupanda hadi roshani ya Beit al-Ajaib". Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, na sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Tulipanda roshani ya hewani? Inasema "kutembelea ndani nyumba ya Tippu Tip", yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mle wanakaa watu na familia zao. Mgeni huonyeshwa mlango wa nakshi akiwa nje, basi. Sisi tulitaka kufika pale kwa sababu misafara ya mtu yule iliingia kwetu, Kasongo na Maniema yote inamkumbuka, na pembe na shaba za Msiri, mfalme wa Bunkeya huko Katanga, zilikuwa na njia zake za kwenda pwani. Kiongozi wenu, ambaye tulimlipia dola 20 kwa mtu kama "mwenye kujua historia", aliuliza Msiri ni nani. Mtu anaondoka Lubumbashi akiongoza watu wa Katanga, na hamjui Msiri.

Mkunazini, kanisa la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kiongozi huyo alituambia "huo ni msalaba tu" na kuangalia saa. Msalaba huo umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake mwaka uleule wa 1873. Mti wenyewe ni mpundu. Mpundu, Bwana Mkurugenzi, ambao watoto wetu wanaokota matunda yake porini! Kwa watu wa kwetu, hapo ndipo pa kusimama nusu saa na kuwaonyesha wazee wauguse kwa macho. Tulisoma habari hiyo wenyewe ukutani, tukiwa tunafukuzwa tupande gari. Kwa hiyo dola 20 za historia mara 16, dola 320, nazo zirudi. Sasa deni lenu ni dola 1,632, na siku ni 10.

Lakini fedha hazituzuii kulala. Turudi mezani.

Kabla ya kukaa, kijana wenu alimwambia nkambo, "Mama, chakula kiko tayari, meza dawa yako." Nkambo ana kisukari. Akameza. Dawa ile hushusha sukari, na aliyeimeza asipokula hutetemeka, hutoka jasho, huweza kuanguka. Alikuwa amekula mkate na chai saa moja asubuhi, kisha saa sita za jua, kisha mashua. Ndipo sahani ikavutwa. Hakulalamika. Aliweka kijiko juu ya kitambaa cha meza, akafuta vidole ambavyo havikuwa vimegusa chochote, akatazama chini kama yeye ndiye aliyeiba. Tulimgeukia kijana wenu aliyekuwa amesimama mlangoni na simu yake. Alisema kwa sauti, wageni wa meza nyingine wakisikia: "Si munatoka kwenye kobalti? Toeni makuta, mule."

Tunayaandika maneno hayo kama yalivyo: kobalti ni madini ya kwetu, makuta ni fedha. Mikono ya nkambo ilianza kutetemeka. Tulimpa soda yenye sukari, tukakaa naye, wengine wakichanga dola mezani mbele ya watu. Zilipita dakika kama 40 mpaka sahani zikarudi. Wali ulikuwa umepoa, pweza amepashwa moto mara ya pili na kukakamaa. Nkambo alikula vijiko vitatu, akasema ameshiba.

Tulipowapigia simu usiku ule mlisema mtaangalia. Tarehe 14, tukiwa tumerudi, mhasibu wenu alisema avansi ya mgahawa "ilisahaulika". Tarehe 19 mkatupa ofa ya punguzo la asilimia 10 kwenye safari ijayo. Safari ijayo! Na ninyi!

Kwa hiyo dai la dola 1,632 tunaliondoa. Tunataka nusu ya yote tuliyolipa, dola 9,200, ndani ya siku 7 tangu mtakapotia sahihi kupokea barua hii. Malipo ni kwa kikundi, kwa risiti, si kwa mtu mmojammoja mnayetaka kumnyamazisha. Tunataka pia ninyi mwenyewe, Bwana Mkurugenzi, mfike nyumbani kwa nkambo na kijana yule, aombe radhi kwa mdomo uleule.

Siku ya nane, jalada linakwenda Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi, na nakala kwa ofisi ya utalii ya jimbo iangalie kibali chenu. Likelemba zetu, yaani vikundi vya kuchangiana fedha, ziko kwenye komini za Lubumbashi za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, na kila moja inapanga safari ya mwakani. Zitaisoma barua hii kabla ya kulipa avansi popote.

Tumeambatanisha mkataba, ratiba, picha ya ujumbe wa "saa tisa", risiti ya dola 432 na sahihi za watu wote 16.

Katibu, kwa niaba ya kikundi

Nkambo yuko nyumbani kila siku kuanzia saa tisa alasiri. Ni 15h00. Tumeandika mara mbili ili msikosee.