Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka, pamoja na kesi ya holsta ya Tanga

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi.

Katiba yetu inasema taarifa hii iwe mikononi mwenu kabla ya mwisho wa Machi na saivi tuko Mei, naomba radhi, sababu mtaiona mkisoma. Ya kawaida nayamaliza haraka. Ada wengi wamelipa, wale wanne ambao bado wanajijua na mweka hazina anawajua vizuri zaidi. Tulikutana mara tano badala ya sita, ile ya Aprili mvua ilitukatalia. Tumepata wanachama wapya wawili, fundi viatu mmoja wa Moshi, na kijana wetu aliyeko Ujerumani ambaye anatusaidia kusoma stempu za Kijerumani zilizogongwa kwenye ngozi. Kwa wageni narudia tena, chama hiki ni cha holsta, yaani mifuko ya ngozi ya bastola, bastola zenyewe hatununui, hatutunzi wala hatushiki, mwenye nayo aongee na polisi sio na mimi.

Haya, holsta.

Mwezi wa saba mwenzetu wa Tanga alileta mfuko wa bastola ya Luger, ile P08 ambayo jeshi la Ujerumani lilianza kuitumia 1908. Hadithi yake ilikuwa tamu, kwamba mzee wake aliipata kwa mtu ambaye babu yake aliiokota baada ya mapigano ya Wajerumani na Waingereza pale Tanga, Novemba 1914. Kamati ikawasha moto, wengine wakaanza kuchangisha ili chama kiinunue. Mimi nikaigeuza, nikaona vile vitanzi viwili vya mkanda kule nyuma vimeshonwa na uzi wa nailoni unaong'aa kama mshipi wa kuvulia, nikasema mbele ya watu wote, hii feki. Nilisema kwa sauti, wengi mlikuwepo.

Nilikosea. Yaani sikukosea kuhusu uzi, nilikosea kuhusu holsta, na ndo maana taarifa hii imechelewa, kwa sababu fundi wetu wa Moshi aliichukua akakaa nayo wiki tatu na lenzi ya saa na tochi ya simu halafu akaniita mezani kwake kimya kimya bila kunidhalilisha, nami namshukuru. Alichonionyesha ni hiki. Ule uzi wa nailoni umepita kwenye matundu yaleyale ya zamani. Matundu ni meusi kwa ndani, nta ya zamani imekauka pembeni, msharasi mpya, ile sindano ya kutobolea ngozi, haujagusa popote. Maana yake kitanzi ni chenyewe, uzi wa kwanza ulioza, na fundi fulani wa mtaani akarudishia na uzi aliokuwa nao siku hiyo. Hayo ni matengenezo, sio udanganyifu. Mtu anayeghushi hana subira ya kufuata matundu ya mwenzie, anatoboa mapya yake, na hayo utayaona yana rangi ya ngozi mbichi ndani.

Kisha tukahamia mbele. Holsta ya P08 ya jeshi inafungwa kwa mkanda na bizimu, ina kimfuko cha magazini ya risasi ya akiba ubavuni, na chini ya kifuniko kuna kijifuko cha kile kifaa cha kufungulia bastola. Hii yetu bizimu haipo, badala yake kuna kifungo cha shaba. Hapo ndipo wauzaji wanapopenda kukaa kimya. Lakini ukiinamisha taa unaona kivuli cha bizimu kwenye ngozi, pembenne ndogo iliyobaki laini wakati pembeni yake kumechujuka, na kuzunguka kifungo ile kutu ya kijani ya shaba imeingia kwenye ngozi kabisa, haitoki kwa ukucha. Kijani cha kupakwa kinakaa juu juu kama uji. Kile kimekuwa hapo miaka mingi sana. Baada ya vita ya kwanza ya dunia polisi wa Ujerumani walirithi holsta nyingi za jeshi wakazibadilisha, hasa kifungio, kwa hiyo badiliko hili lina baba na mama.

Kwa hiyo ngozi ni ya kweli, kifungo ni cha kweli, vitanzi ni vya kweli. Shida ikaja kwenye stempu. Jina la kiwanda limefutika nusu ila mwaka upo, 1917. Nikaangalia kama umegongwa baadaye, maana stempu ikigongwa kwenye ngozi kuukuu iliyokauka uso wa ngozi unapasuka kingoni, lakini ikigongwa wakati ngozi mpya ina unyevu chini yake kunabaki laini na kweusi. Hii ni laini. 1917 ni 1917.

Sasa piga hesabu. Tanga ni 1914. Na hata ukisema basi ilikuwa ya askari wa mwishoni wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, meli ya mwisho ya Wajerumani iliyopenya kizuizi cha majini cha Waingereza ni Marie, iliingia ghuba ya Sudi Machi 1916. Novemba 1917 walijaribu kuleta mzigo kwa ndege puto L59, ikafika juu ya Sudan ikageuzwa kurudi. Kitu kilichotengenezwa Ujerumani 1917 hakikuwa na njia ya kuwafikia kabla hawajasalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia), Novemba 25, 1918. Lakini kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, wakaja na masanduku yao. Holsta iliyopita polisi kule kwao ikaishia kwenye shamba la mkonge, hapo hakuna muujiza.

Uamuzi wa kamati tumeuandika hivi: holsta halisi, imebadilishwa ikiwa kazini, imekarabatiwa baadaye, hadithi ya Tanga haikubaliki. Mwenzetu hakufurahi, alisema bora ningeiacha kuwa feki yenye hadithi. Nimemwomba msamaha kwa lile neno la mwezi wa saba na hapa narudia mbele yenu.

Kesi ya pili fupi. Mwanachama wa Mombasa ana holsta ya M1916 ya Kimarekani, ya bastola ya Colt M1911, US kwenye kifuniko, nyuma BOYT 42, yaani kiwanda na mwaka. Ni nyeusi, na za 1942 zilikuwa za kahawia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi lao lilihamia ngozi nyeusi na za zamani zikapakwa rangi. Tulitazama nyufa. Kama weusi umeshuka mpaka ndani ya ufa, rangi imekuja baada ya ngozi kuzeeka. Zake ndani ni kahawia, yaani ilipakwa ikiwa bado nzima, ikapasuka baadaye. Safi. Halafu ndugu yetu akaniuliza ni thina gani itatoa ule weusi irudi ya kiwandani ili apate bei! Jamani. Nilikata simu. Nilimpigia baadaye.

Kwa hiyo pendekezo la mkutano mkuu ni moja tu, kila kitu kinachouzwa kati yetu kiandikwe kila kilichobadilishwa, nani alibadilisha kama anajulikana, na picha ya mishono ya nyuma. Na msipake mafuta kabla ya kamati kuona, mafuta yanafunika kila kitu.

Uchaguzi ni mwezi wa tisa. Kiti changu kiko wazi, na mimi nitampigia kura fundi wa Moshi akikubali kugombea. Holsta ya Tanga mwenyewe ameniachia kwa muda, iko kwangu kwenye boksi la viatu, anayetaka kuiona aje na mikono mikavu na lenzi yake, yangu ikiazimwa hairudi.